Uchambuzi wa kisa: Shuka la bitana la mhudumu wa nyumbani, Mwanza

Kisa hiki cha shuka la kumgeuzia mgonjwa kitandani kimeandikwa kwa ajili ya wahudumu wanaotunza wagonjwa majumbani na wale wanaowafundisha. Majina, mtaa na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa. Mhudumu mwenyewe na familia ya mgonjwa wamesomewa maandishi haya na wameridhia yatoke.

## Usuli

Mhudumu tumwite Kabula. Ana cheti cha mwaka mmoja cha uhudumu wa afya, na kabla ya haya alifanya kazi ya mkataba kwenye kituo cha afya: kutandika vitanda, kuogesha wagonjwa, kumwaga mifuko ya mkojo, kusukuma machela. Mkataba ulipoisha akaanza kuitwa majumbani. Malipo ni ya siku, mapatano ya mdomo, na kazi anaipata kwa watu kuelekezana: "Kuna dada mmoja anajua kumtunza mgonjwa, ngoja nikupe namba yake."

Mgonjwa ni mzee aliyekuwa fundi wa mitumbwi. Kiharusi kilimwacha amepooza upande wa kulia na maneno hayatoki vizuri, ingawa anaelewa yote na hujibu kwa mkono wa kushoto. Nyumba yake iko juu mlimani. Anayeijua Mwanza anaelewa uzito wa sentensi hiyo. Jiji linaitwa la Miamba kwa sababu nyumba zimepanda hadi katikati ya mawe, njia ni ngazi za kuchonga na vichochoro ambavyo hata bodaboda inaviishia chini. Mgonjwa aliyepooza akiwa huko, kumshusha kliniki kunahitaji vijana wa kumbeba kwenye kiti cha plastiki. Kwa hiyo baada ya kuruhusiwa hospitali, huduma ya viungo ilibaki kuwa maelekezo waliyopewa ndugu siku ya kutoka wodini: mgeuzeni kila baada ya saa mbili.

Waliopo nyumbani ni bibi, mke wa mzee, ambaye magoti yamemchoka. Mwanawe, mvuvi wa dagaa anayekaa kambini visiwani. Na mkewe huyo mwana, yaani mkamwana wa mzee. Kabula alikuwa anafika asubuhi na kuondoka alasiri.

## Kilichotokea

Dalili ya kwanza Kabula aliipata kwa mkono. Pale kwenye mfupa wa chini ya kiuno, juu ya makalio, ngozi ilikuwa na joto kuliko ya pembeni, na ukibonyeza unakuta ugumu. Wekundu hakuuona. Hili linahitaji kusemwa kwa sauti, maana mafunzo mengi na picha nyingi za vidonda vya mgandamizo (vile vya kulala mlalo mmoja muda mrefu) zinasema "tafuta wekundu usiofifia ukibonyeza", na picha zenyewe ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau, tena ukiwa na mwanga wa kutosha. La sivyo tegemea joto, ugumu, uvimbe na maumivu. Kabula alikuwa na mazoea ya kupapasa mgongo wakati wa kuogesha, na mazoea hayo ndiyo yaliyomwokolea muda.

Hata hivyo ngozi ilichubuka. Hapo akafanya alichokiona wodini miaka ya nyuma. Alichukua tyubu ya pikipiki, akaijaza upepo nusu, akaizungushia khanga kuukuu na kumlaza mzee juu yake ili kidonda kikae katikati ya tundu bila kugusa godoro. Akapiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp ambalo rafiki yake alikuwa amemuunga karibuni. Ndani ya kundi kuna watunza wagonjwa, wauguzi na wataalamu wachache wa fiziotherapia (tiba ya viungo), wa Tanzania na Kenya.

Hongera zilimiminika. Mama mbunifu. Dada unaupiga mwingi. Bei gani? Nifanyie mbili niko Shinyanga. Kufikia jioni alikuwa ameshapokea malipo ya awali kwa simu.

Usiku muuguzi mmoja aliuliza swali moja tu: "Dada, ngozi iliyokalia hiyo pete yenyewe umeikagua?" Mtu wa fiziotherapia akaongeza ujumbe wa sauti akieleza kwamba pete za namna hiyo, ziwe za tyubu au za dukani, zimeachwa. Uzito unaoondolewa katikati unahamia kwenye duara, duara linabana mishipa, na ngozi ya katikati ambayo ndiyo yenye shida inakosa damu. Muda huohuo admini aliifuta picha na kumwandikia Kabula pembeni, kwa sababu uso wa mzee ulikuwa unaonekana.

Kabula alirudisha pesa za watu. Pete aliitoa siku iliyofuata baada ya kuangalia na kuona alama ya duara imejichora mgongoni. Kisha akanyamaza kwenye kundi kwa wiki kadhaa. Ukimuuliza leo anasema aliona aibu. Bibi wa nyumba anasema alikuwa na hasira.

Wakati wa ukimya huo alianza kuandika daftari. Kila asubuhi akifika anaandika: mzee nimemkuta amelala vipi, ngozi ikoje, amekula nini usiku, choo. Maandishi ya kawaida kabisa. Lakini baada ya muda yakaonyesha jambo. Kuna siku mfululizo mzee alikutwa ameegemezwa ubavu, mto mgongoni, na ngozi imetulia. Kuna siku nyingine mfululizo alikutwa chali, vilevile alivyoachwa jana yake, na mfupa una joto. Zamu hizo zilikuwa zinajirudia.

Aliyefumbua fumbo ni bibi, kwa kuangalia tarehe tu. Siku njema zilikuwa za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti vizuri, na kambi nyingi hupumzika. Ndipo mwana alikuwa anarudi nyumbani, na ndiye aliyekuwa anamgeuza baba yake usiku. Akirudi ziwani, hakuna anayemgeuza.

Kabula akamfuata mkamwana jikoni, akichambua mchele.

"Mdogo wangu, usiku baba anageuzwa na nani?"

"Mama anajaribu."

"Na wewe?"

Kimya. Halafu: "Dada, yule ni baba."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mkamwana kumkumbatia baba mkwe kiunoni, amevaa pampasi na shuka limemtoka, haiwezekani. Kwa familia hiyo mpaka wa heshima kati ya wawili hao unafika hadi kutokaa kiti kimoja. Mzee naye alikuwa upande huohuo wa mpaka: bibi alisimulia kwamba siku moja walipojaribu, mzee alikaza mwili wote na kumsukuma mkamwana kwa mkono wake mzima.

Swali likawa jipya. Mwanzo Kabula alikuwa anatafuta kitu cha kumlazia mgonjwa. Sasa alitafuta namna ya watu wawili, mmoja mwenye magoti mabovu na mwingine asiyeruhusiwa kumgusa, kumgeuza mtu mzito gizani.

Alianza na shuka la kawaida lililokunjwa. Lilivutika, ila ngozi ilikuwa inaburuzwa pamoja nalo, na kuburuza kunaharibu ngozi kama ilivyo kwa mgandamizo wenyewe. Akajaribu mfuko wa salfeti uliochanwa. Unateleza vizuri, lakini kingo zinakwaruza na unapiga kelele zinazomshtua mgonjwa. Jibu lilitoka Mlango Mmoja, kwenye marundo ya mitumba, pale alipoona bitana ya koti la suti ikiteleza kwenye mkono wa muuzaji. Alinunua makoti mabovu kwa ajili ya bitana tu. Fundi cherehani akaishona kama gunia lisilo na kitako, upande unaoteleza ukiwa ndani, ili tabaka la juu liserereke juu ya tabaka la chini. Juu yake likaja shuka la pamba lenye mishikio ya mikanda ya mabegi, pande zote mbili.

Namna linavyofanya kazi ni hivi. Bibi anasimama upande mmoja, mkamwana upande wa pili. Mzee amefunikwa blanketi hadi kifuani. Wanamserereshea kidogo upande wa mkamwana, kisha mkamwana ananyanyua mishikio ya upande wake, mzee anabingirika kuelekea kwa bibi, bibi anampokea, mto unaingia mgongoni. Tabaka la chini la bitana linavutwa na gunia lote linajitoa. Mkamwana ameshika mikanda mwanzo hadi mwisho. Kabla ya mzee kuguswa nalo, Kabula alilijaribu kwa kumlaza mdogo wake wa kiume, kijana mwenye mwili mkubwa kuliko mzee. Kisha akamwonyesha mzee mwenyewe na kumuuliza. Mzee aliinua mkono wa kushoto.

## Kurudi kwenye kundi

Safari hii hakutuma picha ya kazi iliyokamilika. Alituma video fupi, mdogo wake akiwa ndiye mgonjwa, na maneno haya: "Nina nyumba ambayo anayelala na mgonjwa hawezi kumshika. Nimefanya hivi. Wapi patanitia matatani?"

Hongera zilikuwa chache. Maswali yalikuwa mengi, na karibu yote yalikuwa ya maana. Bitana inabana jasho. Ikiachwa chini usiku kucha itakuwaje? Mgonjwa akijisukuma mwenyewe likiwa bado lipo chini yake, si atateleza hadi sakafuni? Likichafuliwa na haja linafuliwaje? Mnamlaza upande kwa kiasi gani? Hilo la mwisho lilibadilisha mambo: walikuwa wanamlaza ubavu kabisa, uzito wote ukashukia kwenye mfupa wa nyonga. Wakaelekezwa mlalo wa nyuzi 30, yaani kuegemea nusunusu, mto mmoja mgongoni na mwingine kati ya magoti.

Mwanachama mmoja wa Nairobi alituma picha ya shuka la kuserereshea wagonjwa lililotengenezwa kiwandani. Wazo lilelile: neli ya kitambaa chenye kuteleza, mishikio pembeni. Hospitali za nje zinalitumia miaka mingi. Wengi kundini walidhani Kabula atavunjika moyo. Aliuliza bei yake, akaambiwa, akacheka.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutohangaika na hataza, yaani cheti cha kulinda uvumbuzi. Ndugu walikuwa wanamsukuma aende BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara na hataza, kabla hajaibiwa wazo. Hataza inataka jambo jipya, na hili lilikuwepo duniani. Alichokuwa nacho kipya ni kulishona kwa bitana ya mitumba na kulitumia kutatua tatizo la heshima ndani ya nyumba, mambo ambayo hayalindwi kwa cheti. Nadhani aliamua vizuri, na alijiokolea pesa za fomu na nauli.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutouza shuka bila kwenda kuonyesha matumizi nyumbani kwa mnunuzi. Hii ilimpunguzia wateja. Wa Shinyanga walikosa.

Uamuzi wa tatu ulihusu picha. Tangu picha ile ifutwe, hatumi tena mgonjwa kwenye kundi, hata mgongo peke yake, bila ridhaa iliyosemwa mbele ya ndugu wawili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na wahudumu wa majumbani hawajasamehewa kwa sababu wanalipwa kwa siku. Lakini Kabula alifanya hivyo kwa sababu iliyo karibu zaidi: mwana wa mzee alikuwa ameiona picha ya baba yake kwenye simu ya mvuvi mwenzake kambini.

## Matokeo

Kidonda cha mgongoni kilifunga. Kilichukua muda, na kilihitaji pia muuguzi wa kukisafisha na bibi kubadilisha chakula. Dagaa na mayai vilirudi kwenye sahani ya mzee, maana ngozi haijijengi kwa uji mtupu. Lililoonekana wazi kwenye daftari ni kwamba tofauti kati ya siku za mbalamwezi na siku za giza ilikwisha.

Kisha kikaja kidonda cha kisigino. Mguu wa kulia. Wote walikuwa wanatazama mgongo, daftari lilikuwa na safu ya mgongo, na shuka lenyewe linaishia mapajani, hivyo visigino vilibaki vimekandamizwa kwenye godoro na kuburuzwa kila mzee alipogeuzwa. Mto uliowekwa kwa urefu chini ya shavu la mguu, kisigino kikaelea hewani, ulitatua hilo bila kushona chochote.

Nyumba ya pili ilikuwa na mkasa. Shuka liliachwa chini ya mgonjwa, mama mwenye nguvu kiasi aliyejaribu kujiinua peke yake alfajiri. Aliteleza akaangukia kwenye mkeka. Hakuvunjika. Mtu wa kundini alikuwa ameonya juu ya jambo hilohilo, na Kabula alilieleza kwa mdomo siku ya kuonyesha, ila aliyeelezwa hakuwa ndiye aliyelala na mgonjwa usiku ule.

## Uchambuzi

Nianze na kundi, kwa sababu wengi wanaosoma visa kama hiki hutaka kujua kama "kujiunga na wenzako mtandaoni" kunasaidia. Kundi ni lilelile, watu ni walewale. Mara ya kwanza lilikaribia kusambaza pete ya tyubu hadi mikoa ya jirani, na ni mtu mmoja aliyezuia kwa swali. Mara ya pili lilifanya kazi ya jopo la wataalamu. Kilichobadilika ni kilichopelekwa. Ukipeleka kitu kilichokamilika na picha nzuri, watu wanakupa adabu ya kupongeza; kwetu kumwambia mtu hadharani kwamba kazi yake ina kasoro ni kumvunjia heshima. Ukiuliza "wapi patanitia matatani", umewapa ruhusa. Hata muuguzi wa swali la kwanza aliniambia alisita sana kabla ya kuandika, akaona aulize badala ya kukosoa.

Hata hivyo, jambo kubwa la kisa hiki kundi halikuligundua na lisingeweza. Wataalamu wote walidhani shuka ni la kuokoa migongo ya wahudumu. Hakuna aliyetaja mkamwana. Mkamwana hana simu ya kuingia WhatsApp, na hata angekuwa nayo asingeandika "siwezi kumshika baba mkwe" mbele ya watu asiowajua. Lilipatikana kwa daftari, kwa bibi anayejua mwezi, na kwa swali lililoulizwa jikoni mikono ikiwa kazini. Mhudumu anayetaka kubuni aanzie hapo: nani yuko na mgonjwa wakati mimi sipo, na kitu gani kinamzuia? Mara nyingi tunajibu haraka kwamba ndugu ni wavivu. Kabula anakiri kuwa naye alikuwa anafikiri hivyo juu ya mkamwana, na daftari la wiki za mwanzo lina maneno ambayo sitayanakili hapa.

Daftari lenyewe lilisaidia na lilipotosha. Lilionyesha zamu za mwezi, jambo ambalo kumbukumbu ya kichwa isingeonyesha. Lakini lilikuwa na safu moja ya ngozi, ya mgongo, na kisichokuwa na safu hakikutazamwa. Daftari la sasa lina mchoro wa mtu, mbele na nyuma, na alama zinawekwa visigino, vifundo, nyonga, mabega na kisogo.

Kuhusu mkasa wa nyumba ya pili, sikubaliani na waliosema kundini kwamba familia ilizembea. Kitu cha kutumiwa usiku na mtu aliyechoka kinatakiwa kijikumbushe chenyewe. Ndiyo sababu mishikio ya sasa ni ya rangi nyekundu kali inayoning'inia nje ya kitanda, ukipita unaona kuwa shuka bado liko chini, na kila nyumba inapigiliwa msumari ukutani wa kulitundika. Maonyesho nayo hufanyika jioni, wakati anayelala na mgonjwa yupo.

Upande wa biashara bado haujakaa sawa. Kabula anapata kipato kidogo cha mashuka juu ya malipo yake ya siku, na kazi ya utunzaji ndiyo inayomlisha. Amekwenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kuuliza mafunzo ya ujasiriamali, akaelekezwa vizuri. Swali la TMDA halijajibiwa: ndiyo mamlaka inayosimamia vifaa tiba nchini, na inavipanga kwa madaraja ya hatari kuanzia A lililo dogo hadi D. Shuka la kushonwa mtaani liko wapi kwenye mpango huo, au halimo kabisa, ni jambo la kuuliza ofisini kwao kabla ya kuanza kupelekea zahanati, na Kabula ameshaandika barua.

Fundi cherehani, kwa upande wake, hakusubiri barua. Anashona yake na kuyauza, bila mishikio myekundu na bila maelezo. Baadhi ya watu kundini walimshauri Kabula amshtaki au ahame fundi. Yeye alikwenda kukaa naye dukani, akamsimulia habari ya mama aliyeteleza, akamwomba ashonee kila shuka kitambaa chenye michoro mitatu: weka, geuza, toa. Fundi amekubali, kwa sharti kwamba mikanda myekundu Kabula amnunulie yeye.